Mkono wa Nyamizi na Wapimaji Watatu

Sogeeni karibu. Wewe unayetafuna muwa, tema hilo kapi kwanza, maana sitaki kupiga kelele. Leo nimewaletea kesi. Mwenyewe nimeshindwa kuihukumu, na sababu ni moja tu: wahusika wake watatu wananichefua, na mtu aliyechefuka haamui sawasawa. Ninyi hamjawahi kuwaona, kwa hiyo mna nafuu.

Kulikuwa na mji mmoja wa reli, kule Tabora ndani, na katika mji huo kulikuwa na kituo cha utengamao. Hilo ni jina lao la kisomi. Maana yake ni kwamba ukipigwa na kiharusi, mkono ukafa au mguu ukakataa, unakwenda pale kufundishwa upya kushika kijiko. Ni kazi nzuri na sina neno nayo. Neno ninalo na wapimaji, wale ambao kazi yao ilikuwa kusema nani amebadilika na nani hajabadilika.

Walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Nitawapa haki yao kabla sijawasema, msije mkadai nina chuki.

Wa kwanza ni Dokta Kasanzu. Kipaji chake kilikuwa uthabiti. Alikupima leo kama alivyokupima mwezi uliopita: kiti kilekile, meza ileile, saa ileile ya asubuhi, hata maneno yaleyale kwa sauti ileile ya kuudhi. Alijua kwamba mkono wa mgonjwa hutikisika wenyewe, leo juu kidogo, kesho chini kidogo, bila kupona wala kuharibika, na alijua mtikisiko huo ni wa kiasi gani. Ukimwambia, "Dokta, leo najisikia nafuu," anakujibu, "Nafuu yako bado ni ndogo kuliko mtikisiko. Kaa chini." Ndivyo alivyokuwa akiwafariji watu.

Wa pili ni Bi Tasiana. Kipaji chake kilikuwa usawa. Alijua kwamba wengi waliopigwa na kiharusi hupata nafuu kiasi wenyewe miezi ya mwanzo, hata wakilala tu nyumbani wakilishwa uji. Sasa utajuaje kama aliyepona kaponywa na darasa au kapona tu? Ni lazima uwe na watu wa kulinganisha nao, wanaopimwa vilevile ila darasani bado hawajaingia. Na nani aingie, nani asubiri, hachagui yeye, inachagua kura. Alikunja vikaratasi akavitia kwenye sufuria, na hakuna aliyewahi kumlilia akalegea. Mama mkwe wake mwenyewe alipopooza alielekezwa kwenye sufuria kama wengine. Ile ndoa iliponaje, mimi sijui.

Wa tatu ni Bwana Chande, mtu wa kompyuta. Wengine wakitazama namba ya mwanzo na namba ya mwisho basi, yeye alitazama njia yote ya katikati: mtu alipanda lini, akakwama wapi, akashuka kwa nini. Na mtu akikosa kipimo kimoja au viwili, Chande hakumtupa. Alichukua vile vilivyopo akamchorea mstari wake, na penye pengo alijua namna ya kuvuka bila kutunga uongo. Kipaji kikubwa hicho. Ila moyo wake ulikuwa wa mtoto aliyenyimwa andazi.

Basi, hao ndio wakubwa wetu. Sasa mjueni mtu.

Nyamizi alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni, benchi nje, kioo ndani, na foleni kila sikukuu ikikaribia. Kiharusi kilimpata asubuhi moja akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Mteja akainuka nusu kasukwa nusu hajasukwa, na Nyamizi akabaki chini, upande wa kushoto umezima. Mguu ulirudi baada ya muda. Mkono ng'o.

Mnajua kusuka? Mkono mmoja hausuki. Wa kulia unapitisha, wa kushoto unashika na kukaza. Usipokaza, mteja anafika nyumbani nywele zimeachia, na kesho mtaa mzima unakujua. Nyamizi alikuwa mjane mwenye saluni, bila kingine. Mkono usiporudi, na yeye amekwisha.

Aliingia kituoni mwezi mmoja na jirani yake, Mzee Mihayo, fundi baiskeli. Naye ni upande uleule wa kushoto, vidole vimejikunja vikawa ngumi. Waliwekwa mbele ya sufuria ya Bi Tasiana. Nyamizi akachovya, akatoa karatasi ya darasa. Mzee Mihayo akachovya, akatoa karatasi ya kusubiri.

"Kusubiri mpaka lini, mama?" aliuliza mzee.

"Mpaka utafiti uishe, mzee wangu. Utakuja kupimwa kila mwezi kama wenzako, halafu zamu yako ikifika utaingia."

"Sawa. Na huu mkono nao niuambie usubiri?"

Bi Tasiana hakucheka. Sijapata kusikia kwamba aliwahi kucheka.

Mwaka ukaenda. Nyamizi alihudhuria darasa la mikono, chumba kimoja chenye meza ndefu, kamba, vifungo vya nguo, vitana, na walimu wawili waliokuwa na subira kuliko mimi. Alilia humo, alitukana humo, akaanza kushika. Kwanza kitambaa, baadaye kamba, mwisho rasta za bandia zilizofungwa kwenye mguu wa meza. Mwisho wa mwaka mkono wa kushoto ulikuwa unashika, ila haukazi. Mwalimu alimwambia wazi: "Bado miezi michache ya kukaza. Ukiacha sasa, utajikunja tena."

Hapo ndipo Mkurugenzi wa kituo alipofanya hesabu.

Huyu Mkurugenzi hakuwa mpimaji. Alikuwa mtu wa mikutano, na tangu zamani alikitamani kile chumba cha darasa kiwe ukumbi wa mikutano, chenye viti vya kuzunguka. Alichukua alama za watu wa darasa. Aliyekosa kipimo hata kimoja, akamfuta, eti hajakamilika. Waliobaki akatafuta wastani wao wa mwezi wa kwanza, akatafuta wastani wao wa mwezi wa mwisho. Namba zikatoka karibu sawa. Akaipelekea bodi taarifa, na wale wapimaji watatu, majina yao yako chini yake kwa wino mzito: darasa halibadilishi mtu, lifungwe.

Nyamizi alipopata habari alikwenda ofisini kwake bila kuitwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Una miadi?"

"Sina. Nasikia mnasema sijabadilika."

Mkurugenzi akapekua, akapekua, akavua miwani. "Mama, wewe kwa kweli humo."

"Simo wapi?"

"Kwenye hesabu. Ulikosa kipimo cha mwezi wa saba."

"Nilikuwa matangani! Mama yangu mdogo amefariki, nisiende kumzika eti nije kwenu kushika vikombe?"

"Pole sana. Lakini kanuni ni kanuni. Kitakwimu hupo."

"Bwana Mkurugenzi, nimesimama hapa mbele yako, nakuamkia unaitikia. Sipo vipi?"

Akamwonyesha mlango kwa adabu. Watu wa namna hii wana adabu sana wakati wa kukuonyesha mlango.

Sasa msidhani wale watatu walisimama kwa kumhurumia Nyamizi. Thubutu! Waliwaka kwa sababu majina yao yalikuwa chini ya taarifa wasiyoiandika, na taarifa yenyewe ilikuwa ya kijinga. Kila mmoja aliona aibu yake peke yake. Bodi ilipanga kukutana baada ya wiki kadhaa kufunga darasa rasmi, na kila mmoja wao akaingia kazini kivyake, bila kumsemesha mwenzake.

Dokta Kasanzu akamwita Nyamizi, akamkalisha kwenye kiti kilekile. Kipimo chake kilipangwa kama ngazi: kazi rahisi kwanza, ngumu baadaye, na ukishindwa moja, zote zinazofuata zinahesabiwa sifuri. Kazi ya mwanzo ilikuwa hii: nyanyua kikombe kwa mkono mgonjwa umpe mpimaji. Nyamizi akanyanyua kikombe kwa kushoto, vizuri kabisa. Kilipofika katikati ya meza, mkono wa kulia ukaja ukakipokea chini, akampa kwa mikono miwili huku ameinama kidogo. Kasanzu akasema, "Sifuri."

"Sifuri ya nini?"

"Umetumia wa kulia. Kila mwezi unatumia wa kulia."

"Sasa nikupe kwa kushoto? Wewe, mtu mzima una mvi kichwani, nikunyooshee kitu kwa kushoto kama namtupia mbwa? Mimi nimelelewa, Dokta!"

Kasanzu akaweka kalamu chini. Akaenda kuwauliza wenzake Nyamizi waliopooza kushoto, mmoja mmoja, na wote walimtazama kama kauliza ujinga. Hakuna aliyekuwa tayari kumpa mkubwa kitu kwa kushoto. Walikuwa wanaweza, hawakutaka. Wakapewa sifuri kwenye kikombe, na ngazi yote ya juu yake ikawa sifuri, mwezi baada ya mwezi. Ila Kasanzu, kwa ule wasiwasi wake, hakuwahi kuishia hapo. Aliwapima kazi zote mpaka ya mwisho, hata pale kanuni iliposema imetosha, na alama zote alikuwa nazo. Akakiondoa kikombe, akahesabu upya alama za wote, wa darasa na wa kusubiri, akazirudisha kwenye daftari la kituo, akaonyesha kwamba mabadiliko ni makubwa kuliko mtikisiko. Bila yeye, mikono ile ingebaki sifuri mpaka leo. Na mnajua ni nani aliyeitunga ile kazi ya kikombe? Ni yeye! Kasanzu, mtu wa hapahapa, ambaye muuza duka akimrudishia chenji kwa kushoto ananuna siku nzima. Kaipata vitabuni, kaitia kwenye kipimo, kawanyonga nayo watu mwaka mzima, kisha anataka tumpigie makofi kwa kukata kamba.

Bi Tasiana yeye aliwafungua watu wake wa kusubiri. Mwaka mzima walikuja, wakapimwa, wakanywa chai, wakarudi nyumbani. Akaweka alama zao kando ya alama za darasa. Ikaonekana wazi: miezi ya mwanzo wote walipanda, wa darasa na wa kusubiri, karibu sawa. Baada ya hapo wa kusubiri wakasimama palepale, na wa darasa wakaendelea kupanda. Basi ile nafuu ya mwanzo ni ya mwili wenyewe, na ile ya baadaye ni ya darasa. Bila yeye, mtu yeyote angeweza kusema wangepona tu hata bila darasa, na hakuna ambaye angemjibu.

Lakini ulizeni ushahidi ule ulipatikanaje. Katikati ya mwaka Mzee Mihayo alimfuata Bi Tasiana mpaka kibarazani.

"Mama, vidole vinazidi kukaza. Asubuhi hii mke wangu kashindwa hata kuvifungua anawishe kiganja. Niingize japo nikae nyuma niangalie wenzangu."

"Mzee wangu, nikikuingiza leo, kesho sitajua kama ni darasa au ni Mungu."

"Kwani Mungu na darasa hawawezi kukaa chumba kimoja?"

"Hapana, mzee. Kwa hesabu yangu hawawezi."

Akarudi nyumbani. Na hapo darasani, nawaapia, palikuwa na kiti kitupu, kwa sababu mgonjwa mmoja alishahamia Mwanza kwa wanawe. Kitupu! Bi Tasiana alikuwa akikipita kila siku na vikaratasi vyake. Alikuwa na haki kwa mujibu wa utafiti, nakubali. Mimi bado nikimfikiria mate yananijaa.

Halafu Bwana Chande. Yeye aliwafufua waliofutwa. Akawachukua wote, mwenye vipimo vyote na mwenye vichache, kila mtu akamchorea mstari wake. Mstari wa Nyamizi ulipanda, ukaacha pengo mwezi wa matanga, ukashuka kidogo darasa lilipokwenda likizo, ukapanda tena. Ikafanana hivyo mistari ya wengi: darasa likiwapo wanapanda, likifungwa wanateremka. Kisha akagundua jambo baya zaidi. Wengi wa waliofutwa ni wale waliokuwa wamepona! Mkono ukirudi, mtu anarudi shambani, anarudi sokoni, atakuja kituoni kupimwa kutafuta nini? Kwa hiyo Mkurugenzi alikuwa amewatupa waliopona, akabaki na waliokwama, akahesabu waliokwama, akatangaza kwamba hakuna anayepona. Bila Chande, Nyamizi na wenzake wangebaki wafu wa kitakwimu.

Sawa. Sasa nani kati yenu anataka kujua Chande alilijua lini kosa hilo la kufuta watu? Alilijua miezi mingi kabla! Mkurugenzi alikuwa na mazoea ya kufuta watu hivyo tangu taarifa za nyuma. Chande aliona, akanyamaza, kwa sababu siku ya kikao cha ufunguzi Mkurugenzi alimtambulisha kwa wageni kama "kijana wetu wa kompyuta". Basi akanuna. Mtu ana ndevu na watoto wanasoma sekondari, ananuna msimu mzima kwa sababu ya neno kijana, na watu wanafutwa mbele ya macho yake. Alipoamua kufanya, kazi yenyewe ilimchukua mchana mmoja, kwa alama walizokusanya wengine, na hajawahi kugusa mkono wa mgonjwa hata mmoja.

Siku ya bodi ikafika. Wakakaa, wakaletewa maji ya chupa na sambusa. Mwenyekiti wa bodi hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu, na mvivu mwenye akili ana maswali mabaya.

"Namba zinasema hawakubadilika," alisema.

Dokta Kasanzu akasimama, akaeleza kikombe. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akampa mwenzake sambusa kwa kushoto ili kujaribu, na mwenzake akaikataa. Wakaelewa.

"Haya, wamebadilika. Lakini si wangepona wenyewe tu?"

Bi Tasiana akasimama, akaonyesha watu wake wa kusubiri, walipanda wapi na wakasimama wapi. Mwenyekiti akakuna kidevu.

"Lakini mbona hawa ni wachache? Nusu ya darasa haimo humu."

Bwana Chande akasimama mwisho, akaonyesha mistari yote, ya waliokuwapo na ya waliofutwa. Mwenyekiti akaishiwa maswali. Alitafuta jingine, nilisikia, akala sambusa nzima akilitafuta, hakulipata.

Darasa likabaki. Viti vya kuzunguka vilikuwa vimeshaletwa, vikarundikwa kibarazani vikawa vya kuchezea watoto wa wagonjwa. Mkurugenzi akaomba uhamisho kwa sababu za kifamilia. Nyamizi akapata miezi yake ya kukaza. Akakaza mpaka mkono ukawa unamuuma usiku kucha, na baada ya miezi hiyo alifungua saluni akamsuka mteja wake wa kwanza twende kilioni, mistari imenyooka kwenda kisogoni. Mteja alilalamika anaumia kichwa. Nyamizi alilia kwa furaha, akamwambia, "Vumilia mwanangu, nimekaza."

Ningeishia hapo mngekwenda kulala vizuri. Lakini wale watatu wangeacha jambo jema liishe kwa amani?

Bodi iliamua kwamba kuanzia sasa kituo kiwe na Mkuu wa Vipimo. Ofisi yake, kibao chake mlangoni, na jinsi atakavyoamua yeye ndivyo watakavyopimwa wagonjwa wote wanaokuja. Nafasi ni moja. Wakaitaka wote watatu. Kasanzu akasema bila kipimo sahihi wenzake wangekuwa wanahesabu upepo. Tasiana akasema bila kulinganisha, kipimo sahihi hakijibu swali la mtu. Chande akasema bila yeye, hao wawili wangekuwa na nusu ya watu na wangeshindwa. Wakavutana mbele ya walinzi, mbele ya wagonjwa. Bi Tasiana alimwita Chande kijana, na mnaweza kuhisi kilichofuata.

Mwenyekiti, kwa uvivu wake uleule, akasema, "Waamue waliopona." Waliopona wakakaa, wakashindwa, wakasema, "Aamue Nyamizi. Yeye ndiye waliyemwambia hayupo, na sasa yupo." Ikawa hivyo.

Wapimaji wakamfuata saluni, mmoja mmoja, nami siku hizo nilikuwa sibanduki kwenye lile benchi la nje. Kasanzu alikuja wa kwanza, akapewa kigoda.

"Bi Nyamizi, mimi ndiye niliyeona mkono wako. Wenzangu waliona makaratasi."

"Uliuona baada ya kuniambia sifuri mwaka mzima, Dokta."

"Nilikosea. Nikasahihisha. Umemwona Mkurugenzi akisahihisha?"

Nyamizi akachukua kitana, akarudi kwenye kazi yake.

Chande alikuja akasimama mlangoni, hakukubali kukaa. "Mimi sikubembelezi. Unajua mwenyewe ni nani aliyekurudisha kwenye hesabu."

"Najua, baba. Na najua ulijua mapema."

Akatazama chini. "Hawakuniuliza," akasema. Akaondoka, na kwa kweli nilitamani mtu ampige kofi.

Bi Tasiana alikuja siku Mzee Mihayo akiwa amekaa pale kwenye benchi la nje. Mzee alikuwa ameshaingizwa darasani, zamu yake ilifika. Alikwenda kwa bidii, siku haikosi. Vidole viwili vilifunguka kidogo. Vilivyobaki na dole gumba vilikataa, na walimu walimwambia kwa upole kwamba amechelewa kuanza. Vifaa vyake vya baiskeli alikuwa amempa mpwa wake. Yeye akawa anakuja kukaa tu pale, anaongea na wateja wa Nyamizi.

Bi Tasiana akamwamkia. Mzee akaitikia. Kisha Bi Tasiana akamgeukia Nyamizi, aliyekuwa anasuka.

"Sina la kujitetea," alisema. "Kura ile ilikuchagua wewe ikamwacha huyu. Ingeweza kuwa kinyume. Na ukinipa ofisi ile, nitaiweka sufuria tena, kwa sababu bila sufuria darasa lijalo halitakuwa na mtetezi. Watakuja na swali lilelile na hatutakuwa na jibu. Sikudanganyi nikasema nitakuwa na huruma."

Nikwambieni, hilo peke yake ndilo lililonifanya nimwone kuwa mtu. Lakini mkono wa mzee ulikuwa palepale juu ya goti lake, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kuutazama.

Nyamizi akasimamisha kusuka. Mkono wa kushoto umeshika msuko, umeukaza, hautelezi.

"Baba," alimwambia Mzee Mihayo, "kesho wananitaka niseme jina. Nikisema huyu, watu wengine watachovya kwenye sufuria na watatoka wengine kama wewe. Nisiposema huyu, na darasa likaja kufungwa, hakuna atakayepona hata mmoja. Nikimsema Dokta, namlipa mtu aliyeninyima alama kwa adabu niliyofundishwa na mama. Nikimsema Chande, namlipa aliyeniangalia nikifutwa akakaa kimya. Niambie wewe. Ni nani aliyeurudisha mkono huu?"

Mzee akaugusa ule mkono uliolala gotini. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, na hicho ndicho kilichoniumiza:

"Mwanangu, mimi sikupimi. Mtaje unayemtaka. Ila ukimtaja huyu mama, ujue unamlipa kwa mkono wangu. Na usipomtaja, basi mimi nilisubiri bure."

Bi Tasiana akafunika uso kwa kanga. Mteja aliyekuwa anasukwa, binti wa watu aliyekuja tu kupendeza kwa ajili ya harusi, naye akaanza kulia bila kujua analilia nini.

Haya. Mimi nimemaliza upande wangu. Msije mkaniambia wapewe wote watatu. Atakayesema hivyo aondoke akakae na yule Mwenyekiti mvivu wa bodi, maana nafasi ni moja na sikusema hadithi yote hii ili mnikimbie. Wala msiniambie apewe mzee: mzee hajui kupima, na hataki ofisi, anataka vidole vyake. Kasanzu aliyeona kosa lake mwenyewe, Tasiana aliyepata jibu kwa kumnyima mtu, Chande aliyewafufua watu aliowaacha wafe. Toa mmoja wao, yeyote, na Nyamizi hasuki leo.

Kesho asubuhi anaitwa mbele ya bodi, na mzee ameshasema atamsindikiza. Wewe ungekuwa yeye, umesimama pale na Mihayo kando yako, ungetaja jina la nani?